UTI, taifodi, kidole tumbo: kisa cha maumivu chini ya kitovu

Usuli

Kisa hiki kilitokea katika wilaya moja ya bara nchini Tanzania. Jina la mgonjwa, kijiji chake na majina ya vituo vyote vimeondolewa. Vipimo, mfuatano wa matukio na maamuzi ni kama yalivyoandikwa kwenye faili na kama watoa huduma walivyoyaeleza kwenye kikao cha kupitia kesi. Nimekiandika kwa ajili ya wanafunzi wa utabibu na uuguzi, lakini mtu yeyote aliyewahi kutoka zahanati na karatasi iliyoandikwa "UTI + typhoid" ataona kinamhusu.

Mgonjwa, tumwite Mama S., alikuwa na umri wa miaka ishirini na kitu, mkulima, mama wa mtoto mmoja aliyeanza shule. Alikuwa ametumia sindano za uzazi wa mpango za miezi mitatu, akaziacha mwanzoni mwa mwaka. Tangu aziache, hedhi yake haikukaa sawa: mwezi huu inatoka kidogo, mwezi ujao haionekani, mara anaona matone tu. Kwa hiyo alipoona matone wiki mbili kabla ya kuugua, alijua moyoni mwake kwamba siku zake zimekuja na kupita. Hakuwa na kichefuchefu wala dalili nyingine ya kumfanya afikirie mimba.

Jambo jingine lilikuja kujulikana baadaye sana. Baada ya kujifungua yule mtoto wake wa kwanza alipata homa na uchafu wenye harufu ukeni, akatibiwa nyumbani kwa dawa za kunywa na kukandwa kwa maji ya moto. Akapona. Miaka ikapita hakushika mimba nyingine hata kabla ya kuanza sindano, na hakuna aliyemuuliza kwa nini.

Mfuatano wa matukio

*Jumatatu.* Maumivu yalianza mchana akiwa shambani, chini ya kitovu upande wa kulia. Hayakuwa makali. Alikuwa akienda haja ndogo mara kwa mara, kidogo kidogo. Jioni alikula ugali na mboga kama kawaida. Muuzaji wa duka la dawa alisikiliza maneno mawili, "tumbo" na "mkojo", akampa metronidazoli na diklofenaki.

*Jumanne.* Maumivu hayakuisha, akaenda zahanati ya binafsi. Alipimwa malaria kwa kipimo cha haraka: hakuna. Akapimwa mkojo: seli za usaha 8 hadi 10 kwa kila uwanja wa darubini, damu kidogo, naitraiti hakuna. Akapimwa Widal, kipimo cha damu cha taifodi: 1:160. Joto la mwili 36.8. Mapigo ya moyo na presha havikuandikwa. Aliambiwa ana UTI na taifodi, akaandikiwa siprofloksasini na sindano za siku tano. Hakupimwa mimba. Kwenye faili, sehemu ya hedhi ya mwisho iliachwa wazi.

*Jumatano na Alhamisi.* Alichoma sindano, akameza vidonge. Maumivu yalikuwa yakija na kuondoka, akaanza kuamini kwamba dawa inafanya kazi. Mama mkwe wake, aliyemwona akijikunja wakati wa kusonga ugali, alisema ni chango, akamchemshia mizizi. Si ajabu: kwa wanawake wengi wa huku maumivu ya chini ya tumbo yanayokwenda na mambo ya uzazi huitwa hivyo, na kwa kweli mama mkwe alikuwa karibu zaidi na ukweli kuliko karatasi ya maabara. Alau yeye aliutaja uzazi.

*Alhamisi usiku.* Kitu kilichoma ghafla tumboni. Alisimulia baadaye kwamba ilikuwa kama amechanwa kwa ndani, kisha maumivu yakapungua, halafu tumbo zima likaanza kuuma taratibu. Akabanwa na haja kubwa. Alikwenda chooni mara kadhaa, akichuchumaa anasikia choo kinataka kutoka, lakini hakuna kitu. Safari ya mwisho alizimia hukohuko chooni. Walipomlaza alilalamika bega la kulia linauma, wakimkalisha linapungua. Nyumbani walidhani aliliangukia.

*Ijumaa alfajiri.* Alipakiwa kwenye bodaboda katikati ya dereva na shemeji yake, akafikishwa kituo cha afya. Viganja vyeupe, jasho la baridi. Mapigo ya moyo 124 kwa dakika, presha 88/50, joto 36.4. Tumbo limejaa kidogo, linauma kila mahali linapoguswa, lakini si gumu kama ubao. Damu, yaani himoglobini, ilisoma 8.9.

Maamuzi yaliyofanywa, na sababu zake

Afisa tabibu wa zamu aliwaza kwanza kidole tumbo kilichopasuka. Upande wa kulia, siku ya nne, sasa tumbo zima: inaleta maana. Akaagiza maji ya mishipani na dawa za kuua bakteria, na akaanza kuandika rufaa. Mkunga aliyekuwa anatafuta mshipa wa kuweka kanula ndiye aliyeuliza, "Dada, siku zako za mwisho ulizionaje? Zilitoka kama kawaida yako?" Mama S. akajibu kwamba ni matone tu. Mkunga hakusubiri agizo. Aliingiza mpira wa mkojo, ambao mgonjwa wa hali ile alihitaji hata hivyo, na akatumbukiza kijiti cha kupima mimba kwenye mkojo wa kwanza uliotoka. Mistari miwili.

Kituo kina ultrasaundi lakini mtaalamu wake hakuwa zamu. Daktari msaidizi anayefanya upasuaji wa kujifungua aliitwa kutoka nyumbani. Alichoma sindano upande wa chini wa tumbo na kuvuta. Ikaja damu nyekundu iliyokoza. Aliiacha ndani ya bomba la sindano wakaitazama: haikuganda. Damu ya kwenye mshipa ungeiona inaganda ndani ya dakika chache. Damu iliyomwagika ndani ya tumbo huwa imekwisha kuganda na kuyeyuka humo humo, imepoteza kile kinachoigandisha, kwa hiyo hubaki majimaji. Hapo utambuzi ulikuwa umekamilika: mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi, imepasuka, na damu inaendelea kumwagika.

Uamuzi mgumu ulikuwa ufuatao. Hospitali ya wilaya iko zaidi ya saa moja na nusu kwa barabara ya vumbi, na gari la wagonjwa lilikuwa limempeleka mjamzito mwingine. Kituoni kuna chumba cha upasuaji kilichojengwa kwa ajili ya wajawazito, mtu wa usingizi na daktari msaidizi. Hakuna damu hata mfuko mmoja. Daktari msaidizi aliamua kupasua palepale. Sababu aliyoiandika ni fupi: mgonjwa huyu haponi kwa kuongezewa chochote mpaka mrija wa uzazi unaovuja ufungwe, na wa kuufunga yupo hapa.

Mama mkwe alitaka kusubiri mumewe Mama S., dereva wa lori aliyekuwa mkoa mwingine, atoe ruhusa. Mkunga alimvuta pembeni. "Mama, damu inamwagikia ndani ndiyo maana hatuioni. Mwenyewe ana akili zake na amekubali. Tumpigie baba simu aongee naye, lakini sisi tunaendelea." Mama S. alitia kidole gumba kwenye fomu. Sahihi ya mgonjwa mzima mwenye fahamu inatosha, na nimefurahi kwamba hakuna aliyepoteza dakika kulijadili hilo.

Mambo matatu mengine yaliamuliwa kabla ya kisu.

Maji ya mishipani yalipunguzwa. Kanula mbili kubwa ziliwekwa, lakini lengo halikuwa kuirudisha presha iwe 120. Lengo lilikuwa mgonjwa aendelee kujibu maswali na mapigo ya kifundo cha mkono yashikike. Ukiisukuma presha juu wakati mrija haujafungwa unamwaga damu zaidi, na damu iliyobaki unaizimua kwa maji ya chumvi.

Mtu wa usingizi, ambaye kila siku huwachoma wajawazito sindano ya mgongo, safari hii aliikataa, akatumia ketamini, dawa ya usingizi ya kuchoma. Sindano ya mgongo hulegeza mishipa ya damu ya nusu ya chini ya mwili. Mgonjwa aliyepoteza damu nyingi anaishi kwa sababu mishipa yake imejibana. Ukiilegeza, presha inaanguka na huenda isirudi.

Na mifuko ya kukusanyia damu, ile yenye dawa ya kuzuia kuganda, iliandaliwa mezani pamoja na gozi safi. Damu iliyomo tumboni ingerudishwa kwa mwenyewe.

Kilichoonekana na matokeo

Tumbo lilifunguliwa kwa mpasuo wa katikati chini ya kitovu. Damu ya majimaji ilichotwa kwa kibakuli kilichochemshwa, ikachujwa kwa tabaka kadhaa za gozi na kuingizwa kwenye mifuko. Ilijaa miwili. Mabonge yaliachwa, hayafai. Kwa jumla ilikadiriwa damu lita 1.6 ilikuwa nje ya mishipa. Mama S. ana kilo 58. Kwa kukadiria mililita 70 kwa kilo, mwili wake wote una damu lita 4 hivi.

Mrija wa uzazi wa kulia ulikuwa umepasuka karibu na pale unapoungana na mfuko wa uzazi. Ulibanwa, damu ikakoma, ukaondolewa. Ovari ya kulia iliachwa. Mrija wa kushoto ulikuwepo, lakini ulikuwa umeshikana na utumbo kwa nyuzi za makovu ya zamani. Kidole tumbo kilitazamwa: kisafi, chembamba, kimelala kuelekea ndani ya nyonga, sentimita chache kutoka mrija uliopasuka. Mmoja wa wasaidizi alipendekeza kitolewe "kwa kuwa tumbo limeshafunguliwa". Daktari msaidizi alikataa. Utumbo ukikatwa unaachia bakteria, na damu iliyokusanywa kwa kurudishwa mgonjwani haitakiwi kukaribiana na utumbo uliokatwa.

Mifuko miwili ilirudishwa mwilini wakati wa upasuaji. Jioni gari lilirudi na mfuko mmoja wa damu kutoka hospitali ya wilaya. Kesho yake himoglobini ilisoma 6.4 kabla ya mfuko huo na 7.3 baada yake. Kundi lake la damu lilikuwa O chanya, hivyo hakuhitaji sindano ya kinga wanayopewa mama wenye damu hasi. Siku ya tano alirudi nyumbani akitembea, na vidonge vya madini ya chuma.

Uchambuzi: wapangaji watatu, ua mmoja

Wanafunzi hufundishwa mifumo ya mwili kwa sura: sura ya mmeng'enyo wa chakula, sura ya mkojo, sura ya uzazi. Ndani ya nyonga ya mwanamke hakuna sura. Kuna kibofu mbele, mfuko wa uzazi katikati, mwisho wa utumbo mpana nyuma, vimebanana kama wapangaji watatu wanaotumia ua mmoja, na ukisikia kelele uani hujui mara moja imetoka chumba kipi.

Ujirani huu ni wa tangu tumboni mwa mama. Katika wiki za mwanzo za kiinitete, njia ya mkojo na mwisho wa utumbo ni chumba kimoja. Ukuta unaovitenganisha hukamilika kufikia wiki ya 7. Ovari nazo huanza kuumbwa juu, karibu na mahali pa figo, kisha hushuka hadi nyongani zikikokota mishipa yao ya damu na ya fahamu. Matokeo yake ni kwamba ovari, mirija ya uzazi, kidole tumbo na ureta, ile mirija inayoshusha mkojo kutoka kwenye figo, hupeleka taarifa za maumivu kwenye uti wa mgongo katika ngazi zinazopakana, kuanzia ngazi ya 10 ya kifua hadi za mwanzo za kiuno. Ubongo ukipokea taarifa hizo hujua tu kwamba kuna jambo kati ya kitovu na kinena. Haujui ni nani.

Maumivu ya namna hiyo, ya kiungo chenyewe kuvutika, huwa hayana mahali kamili. Ndiyo aliyokuwa nayo Mama S. kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi: mrija unatanuka, damu inachuruzika kidogo, inatulia. Mrija wa uzazi una urefu wa sentimita 10 hadi 12 na sehemu yake iliyo jirani na mfuko wa uzazi ni nyembamba mno. Yai hurutubishwa kwenye sehemu pana ya nje, kisha vinyweleo vya ukuta wa mrija na misuli yake hulisukuma kwa siku 4 au 5 mpaka mfukoni, ambako hujipandikiza karibu na siku ya 6 au ya 7. Pale ambapo maambukizi ya zamani yameunguza vinyweleo na kuacha makovu, yai hukwama njiani, na muda wa kujipandikiza ukifika hujipandikiza lilipo. Likikwama sehemu pana, mrija unaweza kuvumilia hadi wiki 8 au zaidi. Likikwama sehemu nyembamba hupasuka mapema, mara nyingi wiki ya 6 hadi ya 8, wakati mama hata hajajua. Ile homa ya uzazi ya miaka ya nyuma, iliyokandwa kwa maji ya moto, ndiyo mtuhumiwa wa kwanza, ingawa klamidia, ugonjwa wa zinaa, isiyo na dalili ingeweza kufanya vivyo hivyo. Na karibu nusu ya wanawake wanaopata tatizo hili hawana historia yoyote ya kulielezea; anayesubiri historia ndipo apime mimba atawakosa hao wote.

Baada ya kupasuka mambo yalibadilika, na kwa msikilizaji makini hapo ndipo mwili ulipozungumza wazi.

Haja kubwa isiyotoka. Kati ya mfuko wa uzazi na mwisho wa utumbo mpana kuna shimo ambalo ndilo bonde la chini kabisa la tumbo mwanamke akiwa amesimama au ameketi. Chochote kinachomwagika tumboni hutuama hapo: usaha, damu, majimaji ya kidonda cha tumbo kilichotoboka. Damu ikituama hapo hulisukuma puru kutoka mbele, na mgonjwa husikia choo. Familia ilifikiri anaharisha. Hakuharisha hata mara moja, swali la "choo kilikuwaje?" lingelifichua hilo.

Bega. Akilala, damu hutiririka kuelekea juu hadi chini ya kiwambo kinachotenga tumbo na kifua. Kiwambo hupata neva yake kutoka shingoni, ngazi za 3, 4 na 5, ambako ngozi ya bega nayo hupeleka taarifa zake. Kwa hiyo damu ya nyongani inauma begani, na maumivu yanabadilika kwa mlalo. Bega lililoumia kwa kuanguka haliponi kwa kukaa kitako.

Tumbo laini. Hili liliwachanganya wengi kikaoni. Usaha na uchafu wa utumbo huchoma utando wa tumbo hadi misuli inakakamaa. Damu mbichi huuchokoza kidogo tu. Tumbo lisilo gumu halikuwa dalili ya unafuu.

Karatasi ya maabara ilisema nini hasa

Sipendi kuibeza zahanati, kwa sababu kila ilichokipima kilikuwa na matokeo ya kweli. Kosa liko kwenye maana iliyopewa.

Seli za usaha 8 hadi 10 ni juu kidogo ya kawaida, ambayo kwa darubini huchukuliwa kuwa chini ya 5. Lakini mkojo uliotolewa na mwanamke anayetokwa na matone ya damu, bila kuelekezwa kunawa na kukinga mkojo wa katikati, umepita kwenye mlango wa jirani. Seli na damu za ukeni huingia kwenye kikombe. Vilevile kiungo chochote kilichochokozwa karibu na kibofu au ureta, uwe mrija wa uzazi au kidole tumbo kilicholala nyongani, huweza kuingiza seli chache kwenye mkojo bila bakteria hata mmoja. Naitraiti, ambayo huzalishwa na bakteria wengi wanaosababisha UTI wakibadili naitreti ya mkojo, haikuwepo. Kukosekana kwake hakufuti UTI, ila kunaipunguzia nguvu. Na kukojoa mara kwa mara ni jambo la wajawazito wengi wa wiki za mwanzo.

Widal ni ya mwaka 1896. Hupima kingamwili, yaani kumbukumbu ya mwili kukutana na vijidudu vya jamii hiyo, na kwenye maeneo ambako taifodi ipo, watu wazima wenye afya njema hutembea na kumbukumbu hiyo. Kipimo kimoja cha 1:160 kwa mtu asiye na homa hakina uzito wa kuanzishia sindano za siku tano. Homa haikuwepo Jumanne, haikuwepo Ijumaa. Taifodi isiyo na homa kwa siku nne ilipaswa kumfanya mtu aweke kalamu chini.

Kidole tumbo nacho kina tabia yake. Kwa kawaida maumivu huanzia kitovuni, hamu ya kula inakata, kichefuchefu kinafuata, na baada ya saa kadhaa maumivu yanahamia kulia, kwenye theluthi ya nje ya mstari unaounganisha mfupa wa nyonga na kitovu, pale alipopaelekeza Charles McBurney mwaka 1889. Mama S. alianza kuumwa kulia moja kwa moja na jioni yake akala ugali. Si ushahidi wa kufunga kesi, lakini ni wa bure.

Kijiti cha kupima mimba ni miongoni mwa vipimo vya bei ya chini kabisa kwenye rafu ya zahanati. Hutambua homoni ya mimba kwenye mkojo karibu na siku ambayo hedhi ilitarajiwa. Kwa mwanamke aliye katika umri wa kuzaa mwenye maumivu ya chini ya tumbo, nadhani kipimo hicho kitangulie kipimo kingine chochote cha mkojo, awe amefunga kizazi, ana kitanzi, au ameapa kwamba jana tu ametoka hedhini. Kikaoni daktari mmoja alipinga: wasichana wa shule na wajane wataona wanadhalilishwa. Hoja yake ina uzito, na jibu lililokubalika ni kukifanya cha wote bila kuchagua, kwa maelezo yaleyale kwa kila mmoja, faraghani.

Yaliyofanikiwa na yanayobaki kubishaniwa

Kilichomwokoa ni swali la mkunga. Tazama alivyouliza: hakusema "uliona lini?", ambalo lingejibiwa "wiki mbili zilizopita" na mjadala ukaishia hapo. Aliuliza zilitokaje.

Namba za mlangoni nazo zilitosha kuonya kabla ya kipimo chochote. Mapigo 124 yakigawanywa kwa presha ya juu 88 yanazidi 1.4, kwa mtu mzima aliye salama uwiano huo huwa kati ya 0.5 na 0.7, na ukivuka 0.9 ujue kuna damu inapotea mahali. Mwanamke kijana hufidia upotevu kwa muda mrefu kwa kubana mishipa na kuongeza mapigo, presha ikabaki nzuri machoni, kisha huporomoka kwa mkupuo. Himoglobini 8.9 ilimdanganya mtu wa zamu kwa dakika kadhaa, kwa kuwa damu inayotoka hutoka na maji yake. Kiwango hakishuki mpaka mwili uvute maji mengine kuijaza mishipa. Angalia 6.4 ya siku iliyofuata.

Kupasua pasipo damu akibani kuligawa kikao. Waliopinga walisema kama damu ya tumboni ingekuwa na uchafu, mgonjwa angefia mezani, na lawama zingekiangukia kituo. Waliounga mkono walionyesha kwamba kurudisha damu ya mgonjwa mwenyewe kunakubalika pale ambapo mimba imepasuka si zaidi ya saa 24 zilizopita, utumbo haujatoboka na damu haijaharibika rangi, na masharti yote matatu yalikuwepo. Mimi niko upande wao, kwa sharti moja: wangetuma mtu kufuata damu mara tu sindano ya tumboni ilipovuta damu, badala ya kungoja gari lirudi. Pikipiki na kisanduku cha baridi vilikuwepo.

Ambacho hakikufanyika vizuri ni maelezo ya kuondokea. Mama S. aliambiwa "umepona, ukapumzike". Mrija wa kushoto wenye makovu uliandikwa kwenye faili, haukutajwa kwake. Mwanamke aliyepata mimba ya nje ya kizazi mara moja ana uwezekano wa takriban asilimia 10 wa kuipata tena akishika mimba. Anaweza kushika, maana mrija mmoja unaweza hata kudaka yai la ovari ya upande wa pili. Lakini anatakiwa apime mara hedhi inapochelewa na apigwe ultrasaundi mapema. Alielezwa hayo wiki ya 6, aliporudi kutolewa shaka ya kovu, na mumewe akiwepo. Wote wawili walitibiwa klamidia kwa tahadhari, kwa vile kituo hakina kipimo chake.

Zahanati ya kwanza ilipelekewa barua ya matokeo, isiyo na lawama, pamoja na nakala ya karatasi yao wenyewe ya maabara. Walijibu kwa kuomba idadi ya vijiti vya mimba iongezwe kwenye oda yao. Kwenye rejista yao, hata hivyo, mstari wa Jumanne ile bado unasomeka UTI na taifodi, na ndivyo ulivyohesabiwa kwenye taarifa ya mwezi iliyokwenda wilayani.